Sauti Nene na Chombo Chake: Historia ya Nobu za Amplifaya ya Gitaa la Besi

Mtu akiutazama uso wa amplifaya ya gitaa la besi, ile ya sanduku moja lenye mitambo na spika pamoja, ataona safu ya nobu tatu au nne, pengine na zaidi. Moja huongeza ukubwa wa sauti. Nyingine husimamia sauti nene, nyingine sauti nyembamba, na nyingine zile za kati. Mpigaji mgeni hudhani kwamba nobu hizo ziliwekwa siku moja, na fundi mmoja aliyejua kazi ya kila moja. Sivyo ilivyokuwa. Kila nobu ilikuja kwa wakati wake, ikiwa ni jibu la malalamiko fulani, na mara nyingine jibu hilo lilikosea. Historia ya nobu hizo ni historia ya watu waliotafuta jambo moja tu, nalo ni kwamba mpiga besi asikike.

Jambo hilo si dogo kama lionekanavyo. Mpiga besi ndiye anayeshikanisha ngoma na nyimbo. Akikosea, wachezaji hukosea miguu. Akinyamaza, watu husikia kwamba kuna kilichopungua ingawa hawakijui. Hata hivyo kwa miaka mingi alisimama nyuma ya wenzake akipiga kwa nguvu zake zote, na watu wa safu ya tatu hawakupata noti hata moja iliyo wazi. Chombo kilichoundwa kumwokoa kilimfanya kwanza awe mnene zaidi, na kuwa mnene si sawasawa na kusikika. Katika tofauti hiyo ndimo imo habari yote inayofuata.

Neno lenyewe lafaa litazamwe kwanza. Besi limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, lakini asili yake ni Kilatini cha zama za mwisho, bassus, neno lililokuwa na maana ya kitu kinene, kifupi, au kilicho chini. Kiswahili nacho hupima sauti kwa unene: kuna sauti nene na kuna sauti nyembamba. Mtu akiambiwa apaze sauti ya juu, katika mazungumzo ya kila siku, ataelewa kwamba atakiwa kusema kwa nguvu. Basi neno la Kilatini na lile la Kiswahili, pasipo udugu wowote, yamekutana katika picha moja. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini ina mtego pia. Humfanya mtu aamini kwamba besi isiyosikika ni besi iliyopungua unene, na kwamba dawa yake ni kuongezewa unene.

TABIA YA SAUTI NENE

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi ulio mnene kuliko zote hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, unaoufuata mara 55, wa tatu mara 73, na wa nne mara 98. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, wimbi moja la uzi ule wa kwanza lina urefu wa zaidi ya mita 8. Huenda basi likawa refu kuliko chumba chenyewe linamopigwa. Wimbi kama hilo haliendi moja kwa moja kama mshale. Hujaa chumbani, hugonga kuta na kurudi, likaongezeka mahali pamoja na kutoweka mahali pengine.

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wachunguzi wa maabara za Bell huko Marekani, walitangaza vipimo vyao juu ya usikivu wa mwanadamu. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba sikio halipokei mitetemo yote kwa usawa. Sauti ya mitetemo 40 hivi kwa sekunde, ili ianze tu kusikika, yahitaji nguvu nyingi mno ikilinganishwa na ile ya mitetemo 1,000: kwa kadiri ya vipimo vya leo, ni kama mara 100,000. Tena tofauti hiyo hupungua kadiri sauti zote zinavyokuzwa. Maana yake ni kwamba chombo kile kile, kikiwa na nobu zile zile, husikika chembamba kikipigwa polepole na kinene kikipigwa kwa nguvu. Msomaji na alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo lililowaponza wapigaji wengi.

Liko jambo la pili. Uzi haupigi sauti moja peke yake. Pamoja na mitetemo 41, hupiga pia 82, na 123, na 164, na kuendelea juu. Ile ya kwanza yaweza kuitwa sauti mama, na zinazoifuata sauti wana. Karibu na mwaka 1940 Mholanzi J. F. Schouten alionyesha kwamba sikio likiwasikia wana peke yao humtambua mama yao, hata kama mama mwenyewe hayupo. Ndiyo sababu besi hutambulikana hata katika redio ndogo ya mkononi, ambayo spika yake haina uwezo wowote wa kutoa mitetemo 41. Kwa hiyo noti ya besi haijulikani kwa unene wake tu. Yajulikana kwa wana wake, na wana hao wakaa katika eneo la kati.

KABLA YA NOBU

Aliyehudhuria taarabu ya Unguja aijua besi ya kusimama, ile yenye umbo la fidla kubwa ipitayo kimo cha mtu. Huko Marekani chombo hicho kilishika nafasi ya tuba katika bendi za dansi kati ya miaka ya 1920 na 1930. Kilikuwa na sauti tamu lakini ndogo. Mbele ya tarumbeta na ngoma kilizama, na magitaa ya umeme yalipoanza kuenea hali yake ilizidi kuwa mbaya.

Katikati ya miaka ya 1930 Paul Tutmarc, mwalimu wa muziki wa mji wa Seattle, aliunda besi ya umeme yenye mwili mdogo, yenye freti shingoni, na iliyoshikwa kwa kulazwa kama gitaa. Iliuzwa kwa jina la Audiovox. Wazo lilikuwa zuri, lakini wanunuzi walikuwa wachache, na chombo kilisahauliwa kwa muda mrefu.

Everett Hull, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga besi, alipita njia nyingine. Hakutaka kuibadili besi ya kusimama. Alitaka isikike kama ilivyo. Mnamo mwaka 1946 alibuni njia ya kutia maikrofoni juu ya kile kigingi kinachoishikilia besi chini, ili maikrofoni ikae ndani ya tumbo la chombo. Kutokana na kigingi hicho, ambacho kwa Kiingereza ni peg, likapatikana jina la kampuni yake, Ampeg. Azma ya Hull ilikuwa moja: amplifaya isiongeze lolote lake. Itoe sauti ile ile iliyoingia, ila iwe kubwa. Azma hiyo itarudi tena katika habari hii, kwa kuwa ilimpa sifa na baadaye ikamletea huzuni.

FULLERTON

Leo Fender alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la California, na mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa umeme aliyesikiliza malalamiko ya wapigaji, akaunda chombo, akawapa wakakipige, kisha akawauliza kimeharibika wapi. Mwishoni mwa mwaka 1951 alitoa gitaa la besi aliloliita Precision, yaani lenye usahihi, kwa sababu freti zake zilimhakikishia mpigaji kwamba noti itakuwa pale pale itakiwapo. Mpiga besi sasa aliweza kubeba chombo chake garini pasipo taabu. Monk Montgomery, katika bendi ya Lionel Hampton, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipeleka chombo hicho mbele ya watu wa jazz. Kilienea hata jina la fundi likageuka kuwa jina la kitu: kwa miaka mingi wanamuziki wa Marekani walisema besi ya Fender wakimaanisha besi yoyote ya umeme.

Lakini gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Mwaka 1952 Fender alitoa amplifaya ya kuandamana nalo, akaiita Bassman. Lilikuwa sanduku moja lenye spika moja ya inchi 15 ya kampuni ya Jensen, na valvu za kioo zilizotoa kama wati 26. Uso wake ulikuwa na nobu mbili: moja ya ukubwa wa sauti, na moja ya kupunguza sauti nyembamba. Hapo ndipo ulipoanza mchezo wote wa kuiweka sauti, na ulianza kwa umaskini mkubwa. Mpigaji aliweza kuchagua kati ya sauti iliyo wazi kidogo na sauti iliyofunikwa. Zaidi ya hayo hakuwa na la kufanya.

Spika ile moja ilielemewa. Kufikia mwaka 1955 Bassman iliundwa upya, ikapewa spika nne za inchi 10. Nobu moja ya sauti ikagawanywa kuwa mbili, moja ya sauti nene na moja ya sauti nyembamba, na ikaongezwa nyingine ya kung'arisha sauti za juu kabisa. Katika miaka ya mwisho ya muongo huo ikaja nobu ya sauti za kati. Namba za nobu za Fender za wakati huo zilikwenda kutoka 1 hadi 12, na mpigaji aliweza sasa kusema kwa hesabu ameweka wapi.

Hapo historia ikafanya mzaha. Sanduku la Bassman yenye spika nne lilikuwa wazi kwa nyuma. Sanduku la namna hiyo huiachia hewa ya nyuma ya spika izunguke na kukutana na ile ya mbele, na kwa mitetemo ya chini hewa hizo mbili hufutana. Amplifaya iliyoundwa kwa ajili ya besi ikawa haiiwezi besi. Kwa upande mwingine wapiga gitaa la kawaida waliipenda mno, hasa ilipokazwa mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki jijini London, pamoja na mafundi wake, walifuata mchoro wake walipounda amplifaya yao ya kwanza. Amplifaya iliyokusudiwa mpiga besi ikawa mama wa amplifaya za magitaa ya roki, na mpiga besi mwenyewe akabaki akitafuta.

NOBU HUFANYA NINI

Inafaa kusimama hapa na kueleza kazi ya nobu kwa ndani, kwa kuwa watu wengi huidhania sivyo. Katika mchoro wa Bassman ya mwisho, nobu za sauti nene, za kati na nyembamba hazina nguvu ya kuongeza chochote. Nyuma yake kuna kapasita na vizuizi vya umeme, na vyote kazi yake ni kupunguza. Kuifungua nobu ya sauti nene ni kuacha kuipunguza sauti nene. Tena nobu hizo zimefungamana kama ndugu wanaokula sahani moja: ukiigusa moja, fungu la nyingine hubadilika.

Kutokana na hayo hutokea jambo la ajabu. Mpigaji akiziweka nobu zote tatu katikati, huamini kwamba hajabadili kitu. Kwa kweli sauti za kati zimekwisha kupungua kwa kiasi kikubwa, na sauti nene na nyembamba zimesimama pande mbili kama mabega ya bonde. Akitaka sauti inayokaribia kuwa sawasawa pande zote, imempasa aifungue nobu ya kati yote na kuzifunga zile nyingine mbili. Ni vigumu kwa macho kuamini jambo hilo, lakini masikio hulithibitisha.

Njia nyingine ilikuwa tayari imepatikana. Katika toleo la Oktoba 1952 la jarida la Uingereza, Wireless World, Peter Baxandall alieleza mchoro wa kusimamia sauti ambao, nobu zikiwa katikati, huacha kila kitu kama kilivyo. Zikizungushwa upande mmoja huongeza, na upande wa pili hupunguza. Mchoro huo ulikusudiwa vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani, na ukaenea katika redio na gramafoni za dunia nzima. Jamaa za mchoro huo zimo pia katika amplifaya za besi. Hivyo amplifaya mbili zaweza kuwa na nobu zenye majina yale yale na namba zile zile, na katikati ya moja isiwe katikati ya nyingine. Mpigaji anayenakili namba za mwenzake bila kuijua amplifaya ya mwenzake anakili maandishi ya lugha asiyoijua.

SANDUKU LA AMPEG

Mwaka 1960 kampuni ya Hull ilitoa amplifaya ya B-15, iliyobuniwa na fundi wake Jess Oliver. Ilikuwa na spika moja ya inchi 15 na nguvu za wati 25 tu. Ubora wake ulikuwa katika sanduku. Lilifungwa pande zote ila njia maalumu ya hewa iliyopimwa ili isaidie mitetemo ya chini badala ya kuifuta. Mitambo ilisimama juu ya sanduku ikiwa imetengwa nalo kwa mpira, ili mtikiso usizichezeshe valvu. Kazi ikiisha, mitambo ilipinduliwa ikaingia ndani ya sanduku, na mpigaji akaondoka na mzigo mmoja. Vyumba vya kurekodia vya New York na miji mingine vilikuwa na B-15 yao wenyewe, na mpigaji aliyekuja na gitaa lake aliikuta ikimngoja.

James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown huko Detroit, aliitumia amplifaya hii katika vilabu. Allan Slutsky, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989 juu ya Jamerson, aeleza kwamba nobu ya sauti nene iliwekwa mwisho na ile ya sauti nyembamba katikati. Habari hii imesomwa na wapigaji wengi, nao wameiiga, na wengi wao wamepata ngurumo badala ya muziki. Hapa yafaa kuuliza: ikiwa unene hauleti kusikika, mbona Jamerson alisikika?

Jibu lapatikana kwa kutazama chombo chote badala ya namba peke yake. Nyuzi zake zilikuwa nene, zenye uso laini, na hakuzibadili mpaka zikatike. Zilikuwa zimekwisha kupoteza mlio wao wa chuma. Chini ya kifuniko cha gitaa alitia kipande cha sponji kilichokatiza mvumo wa noti. Alizivuta nyuzi kwa kidole kimoja, kwa nguvu na kwa usawa wa ajabu. Amplifaya ya wati 25 na spika ile hazikuwa na uwezo wa kumwaga mitetemo 41 ukumbini, hata nobu ikiwa imefunguliwa yote. Noti zilitoka fupi, zikiwa na kitovu cha sauti za kati kilichotengenezwa na kidole, uzi, sponji na spika. Tena katika chumba cha kurekodia gitaa lake kwa kawaida lilipelekwa moja kwa moja kwenye mitambo, pasipo amplifaya. Nobu ile ya mwisho ilikuwa sehemu moja ya hesabu ndefu. Aliyeichukua peke yake alichukua jibu akaliacha swali.

Hull naye alikuwa na shida yake. Kadiri miaka ya 1960 ilivyoendelea, vijana wa roki walizikaza amplifaya mpaka zikakwaruza, nao wakaupenda mkwaruzo huo. Kwa Hull, mkwaruzo ulikuwa kasoro ya fundi, na muziki uliouhitaji hakuupenda. Alikuwa na haki kwa upande wake: alitumia maisha yake kuiondoa kasoro ile. Lakini chombo kikishatoka karakana hakiwi tena cha fundi peke yake. Mpigaji ndiye anayekipa kazi, na kazi ya siku zile ilikuwa imebadilika. Mwaka 1967 kampuni iliuzwa. Mwaka 1969 jina lile lile la Ampeg likaonekana juu ya mtambo wa SVT, wenye wati 300 na spika nane za inchi 10, na kundi la Rolling Stones likasafiri na mitambo ya namna hiyo katika Marekani. Azma ya sauti safi na ndogo ilikuwa imezaa ngurumo iliyojaza viwanja.

KUPATIKANA KWA SAUTI ZA KATI

Nguvu ilipopatikana, shida ya zamani ilionekana wazi zaidi. Besi ya wati 300 yaweza kutikisa kifua cha msikilizaji na isimwambie ni noti gani iliyopigwa. Kwa hiyo mafundi wakaligeukia eneo la kati, ambalo mpaka hapo lilikuwa na nobu moja isiyohama, tena si katika kila amplifaya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Acoustic ya California ilitoa mtambo wa 360, wa transista, wenye wati 200 na spika ya inchi 18. Miongoni mwa nobu zake ilikuwamo namna ya kuchagua ni eneo lipi la sauti litakaloongezwa au kupunguzwa. Mwaka 1972 George Massenburg alieleza mbele ya chama cha wahandisi wa sauti mtambo uliomruhusu mtu kuchagua mambo matatu kila moja peke yake: mahali, kiasi, na upana wa eneo linaloguswa. Mitambo hiyo ilikuwa ya vyumba vya kurekodia, lakini wazo lake limeshuka mpaka katika amplifaya ndogo zinazouzwa leo.

Jaco Pastorius, aliyejulikana ulimwenguni tangu mwaka 1976, aliutumia mtambo wa Acoustic 360. Gitaa lake halikuwa na freti, naye alipenda kutumia kinasa cha sumaku kilicho karibu na mwisho wa nyuzi, ambako unene ni mdogo na sauti za kati ni nyingi. Mtu akimsikiliza peke yake aweza kusema sauti hiyo ni nyembamba mno kwa besi. Akimsikiliza ndani ya bendi, kila noti ina mahali pake, na hakuna inayopotea. Jamerson na Pastorius walikuwa mbalimbali katika karibu kila kitu: nyuzi, vidole, amplifaya na muziki. Waliafikiana katika jambo moja, nalo ni kwamba kitovu cha noti kilikuwa katikati.

KUIWEKA SAUTI

Kutokana na historia hii imekuwako desturi ya kuiweka sauti, ambayo wapigaji wenye uzoefu huifuata hata pale ambapo hawajui ilikotoka. Nobu huanzishwa pale ambapo amplifaya haiongezi wala haipunguzi, na pahali hapo hujulikana kwa kuufahamu mchoro wa chombo chenyewe. Katika nyingine ni katikati, katika nyingine sivyo. Nobu ya mwanzo, inayopokea nguvu kutoka kwenye gitaa, hupandishwa mpaka noti iliyopigwa kwa nguvu ianze kukwaruza, kisha hurudishwa nyuma kidogo, isipokuwa mkwaruzo wenyewe ndio utakiwao. Baada ya hapo nobu moja tu huguswa kwa wakati, na kupunguza hujaribiwa kabla ya kuongeza. Ikiwa noti zina matope, hupunguzwa eneo la juu kidogo ya sauti nene, kati ya mitetemo 150 na 300 hivi. Ikiwa hazitambulikani, huongezwa eneo la kati, karibu na 500 mpaka 1,000. Sauti nene huguswa mwisho.

Mahali pa amplifaya nako ni nobu isiyoandikwa. Ikisukumwa pembeni mwa chumba, kuta huiongezea unene ambao hakuna aliyeuomba. Ikisogezwa mbele, unene hupungua. Kwa kuwa sauti nyembamba husafiri mbele kama mwanga wa kurunzi, amplifaya iliyo sakafuni huyapigia magoti ya mpigaji, naye huzidisha sauti nyembamba mpaka watu wa mbele waumie masikio. Kuiinua juu ya kiti au kuielekeza juu huponya kosa hilo bila kugusa nobu hata moja.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kuiweka sauti nyumbani na kuipeleka ukumbini kama ilivyo. Nyumbani mtu hupiga peke yake na kwa sauti ndogo. Masikio yake, kama Fletcher na Munson walivyoonyesha, huukosa unene, naye huuongeza. Sauti za kati humwonekea kuwa kavu, naye huziondoa. Sasa sauti ni nzuri kama mahameli. Ukumbini huikuza mara nyingi, na unene aliouongeza hufurika. Ngoma kubwa na kinanda vimekwisha kulijaza eneo lile la chini, na lile la kati, ambamo noti zake zingetambulikana, alikwisha kulifunga kwa mkono wake mwenyewe. Huona hasikiki, akaongeza ukubwa. Wenzake nao wakaongeza vyao. Wati 300 za leo, ambazo mtu aweza kuzibeba kwa mkono mmoja, zinatosha kuwaharibia masikio wote waliomo, na mpiga besi akarudi pale alipokuwa kabla ya umeme, amesimama nyuma, akipiga kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyepata noti.

Hapa neno lile la mwanzo lafaa likumbukwe. Kilatini na Kiswahili viliita sauti hii nene, na havikukosea, kwa kuwa unene ndio unaoitofautisha na nyingine inapokuwa peke yake. Lakini bendi haimsikilizi mtu akiwa peke yake. Ukizitazama nobu kwa taratibu ya kuzaliwa kwao katika amplifaya za Fullerton, kwanza ilikuja ya ukubwa na ya kupunguza wembamba, kisha zikaja za sauti nene na nyembamba, na nobu ya kati ikawa ya mwisho. Mpaka leo wengi huzungusha kwa taratibu ile ile, na ile ya kati huifikia wakiwa wamekwisha kuchoka. Mpiga besi aliye katika bendi na aianze kazi yake hapo.